Kabla ya wasifu wa Bibi: hiyo Biblia isiingie kwenye jeneza

Mleta uzi, umeuliza maswali matano kuhusu wasifu wa Bibi yako utakaosomwa ibadani: uwe na urefu gani, nani ausome, uweke mistari ipi ya Biblia, picha ipi ikae mbele ya kijitabu cha ibada, na kama ule mfano uliopakua mtandaoni unafaa ukijaza tu majina. Halafu mwisho kabisa, kama mtu anayeaga huku ameshashika kitasa cha mlango, ukaandika kwamba ndugu wamekubaliana Bibi azikwe na Biblia yake kwa sababu aliipenda kuliko kitu chochote.

Hapana. Hayo matano yasubiri. Inuka ulipokaa uende ukaichukue hiyo Biblia, urudi nayo, ndipo uendelee kusoma.

Mimi niliizika ya Bibi yangu. Sijasimuliwa wala sikuwa mtazamaji, niliiweka kwa mikono yangu hii inayochapa hapa. Nilikuwa mjukuu wa kwanza kwa upande wa baba, nikapewa heshima hiyo, nikajiona mtu kweli. Biblia yake ilikuwa kubwa, jalada limeshaachia, ndani ya kava la kitambaa lenye zipu ambalo alilishona mwenyewe. Ilikuwa imevimba kwa karatasi zilizochomekwa ndani mpaka zipu inafungwa kwa kubembelezwa. Nikaipangusa vumbi vizuri, nikaibembeleza ile zipu mpaka ikafika mwisho, nikaiweka pembeni ya mkono wake wa kulia. Watu wakalia. Nami nikalia.

Sikuifungua. Hata ukurasa mmoja. Mtu mwenye akili timamu anaona kitabu kimevimba hivyo na hajiulizi kimeshiba nini!

Wazo hilo halikuwa langu, na hapa mnivumilie kidogo. Kila ukoo una yule mjuaji ambaye Bibi akiwa mgonjwa humuoni, akiwa mzima humuoni, lakini pumzi ikikata tu ameshafika, amekaa kiti cha mbele, anagawa kazi. Wetu ni binamu yake baba. Alisimama kwenye kikao cha familia akasema kwa sauti ya kinabii kabisa, "Huyu mama aliishi na Neno, na aondoke na Neno." Sentensi tamu, nakubali. Ukiisikia na usingizi wa siku tatu kichwani unaona imetoka mbinguni moja kwa moja. Baba akatikisa kichwa, baba mdogo akatikisa kichwa, mimi ni nani nisitikise? Shangazi mkubwa, ambaye ndiye aliyemuuguza Bibi miaka yote ile ya mwisho, wala hakuwepo kwenye kikao. Alikuwa anahangaikia mambo ya maana. Alipoingia ibadani jeneza lilikuwa limeshafungwa.

Yule mzee tangu siku hiyo sijamwona. Nadhani anasubiri msiba unaofuata.

Na kuna jambo huwa nikilikumbuka nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Siku hiyohiyo mchungaji alisoma 1 Timotheo 6:7, kwamba hatukuja na kitu duniani, tena hatuwezi kutoka na kitu. Akasoma taratibu, akarudia. Nimekaa safu ya pili, naitikia "amina", na Biblia ya Bibi iko mle ndani, mita nne kutoka nilipokaa. Sikuunganisha. Maandiko yalikuwa yananipigia kelele kwenye sikio nami naitikia amina.

Mwezi mmoja baadaye tulikaa kuandaa maneno ya jiwe la kaburi. Tarehe ya kuzaliwa ya Bibi ikaleta mabishano: kitambulisho kinasema hivi, cheti cha ubatizo kinasema vile, baba anakumbuka tofauti na vyote viwili. Shangazi akasema, hana hata wasiwasi, "Si mlete Biblia tuangalie. Kila kitu aliandika mle."

Wadau, mnajua ule ukimya ambao unasikia saa ya ukutani? Wote tukatazama sakafu. Akauliza tena, "Iko wapi?" Hakuna aliyejibu. Akanitazama mimi, maana wengine wote walikuwa wananitazama mimi.

Ndipo akatusimulia tulichokizika. Katikati, pale Malaki anapoishia na Mathayo anapoanzia, Biblia nyingine huwa na kurasa tupu za kuandika mambo ya familia, na Bibi alizijaza zote. Kila mtoto aliyemzaa, na saa aliyozaliwa. Tarehe za ubatizo. Siku Babu alipofariki. Na mtoto mmoja ambaye hakuna hata mmoja wetu wajukuu aliyewahi kumsikia, aliyeishi siku 11, na jina alilompa. Kwenye wasifu nilikuwa nimeandika, kwa kujiamini kabisa, "Marehemu alijaliwa watoto sita." Nikausoma mbele ya kanisa zima. Shangazi alinisikia akanyamaza, maana si mahali pa kumsahihisha mtu. Walikuwa saba. Bibi alimtaja yule wa siku 11 kwenye maombi yake maisha yake yote, mimi nikamfuta kwa mstari mmoja kwenye kipaza sauti.

Jina lake? Shangazi analikumbuka nusu. Ana majina mawili kichwani na hana hakika ni lipi. Lilikuwa limeandikwa.

Hilo peke yake lingetosha kuninyima usingizi, lakini kuna la pembezoni. Bibi hakuwa na shajara. Alikuwa na kijipande cha penseli, kifupi kama kidole gumba, kilichokaa ndani ya zipu. Alipomaliza kuomba alfajiri aliandika kitu pembeni ya mstari aliousoma. Tangu utoto wetu tulikuwa tunamwona, tukadhani anapigia mistari mizuri alama. Shangazi ndiye aliyejua utaratibu wenyewe: herufi ya kwanza ya jina la mtu, tarehe aliyoanza kumwombea, na maombi yakijibiwa, tarehe ya pili pembeni yake. Palipo na tarehe moja tu maana yake bado anapigana.

Sasa nisikilize vizuri. Nikiwa na miaka kama 9 niliwahi kuchungulia ile Biblia alipotoka chumbani. Ilikuwa imefunguliwa kwenye Zaburi. Nikaona herufi ya jina langu na tarehe. Moja. Nikasikia miguu yake, nikakimbia.

Zaburi ipi? Sikumbuki. Alikuwa ananiombea nini? Sijui. Aliwahi kuandika ya pili? Mnaonifahamu humu ndani mnajua kwa nini nina wasiwasi. Zaburi ziko 150 na mwaka ule nilizisoma zote, mojamoja, nikitafuta mstari ambao macho yangu ya miaka tisa yangeutambua. Sikuupata. Angalau Bibi alifanikiwa kunisomesha Zaburi nzima, kitu alichokipigania miaka ishirini bila mafanikio. Huenda alipanga hivyo, yule mama alikuwa na mbinu.

Na kabla hamjaniuliza kuhusu kufukua: nimeshajiuliza mwenyewe saa nane usiku, jibu nimeshajipa. Tuendelee.

Kwa hiyo mleta uzi, shika hili moja hata kama mengine yote utayatupa: FUNGUA BIBLIA YAKE UKURASA KWA UKURASA KABLA HUJAANDIKA NENO LOLOTE, na isitoke ndani ya nyumba hiyo. Umesema Bibi yako aliomba kila siku, ndiye aliyeshikilia ukoo, na mpaka watu wazima walipeleka kesi zao kwake. Mtu wa namna hiyo hakai na Biblia moja miongo kadhaa bila kuacha kitu ndani. Labda ni tarehe, labda kipande cha barua, labda majina kwenye karatasi ya nyuma ya jalada. Hata kama hakuandika chochote, angalia kurasa zilizochakaa kwa vidole. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Zile ambazo kona zake zimelainika kama kitambaa ndizo alizoishi ndani yake. Hapo una mistari ya wasifu wako bila kumuuliza mtu yeyote humu. Unaona? Swali moja limejibika.

Utaratibu wa kuifungua, maana najua utakwenda nayo haraka. Kaa mchana karibu na dirisha. Piga picha kurasa mbilimbili ukiwa juu yake wima, namba za kurasa zionekane, na zima flashi ya simu kwa sababu itaifuta penseli kwenye picha. Karatasi za Biblia ni nyembamba na maandishi ya upande wa pili hujitokeza. Chomeka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unaoupiga, utaona tofauti. Penseli iliyofifia iletee mwanga wa tochi kutoka ubavuni, uliolala, mkwaruzo wa mkono unaibuka. Kikaratasi chochote kilichochomekwa, piga picha kikiwa mahali pake KABLA hujakitoa, kwa sababu mahali kilipokaa ni nusu ya maana yake: orodha ya majina iliyokaa Zaburi ya 51, ile ya toba, si sawa na iliyokaa Zaburi ya 23, ile ya Bwana ndiye mchungaji wangu. Usibandike gundi ya karatasi, usipeleke kuwekewa plastiki, usinyooshe kwa pasi (ndiyo, nimewahi kusikia mtu kafanya). Na ukituma kwenye grupu la familia la WhatsApp, tuma kama faili, usitume kama picha, maana inabanwa na maandishi madogo yanakuwa ukungu. Weka nakala kwa watu wawili wanaoishi nyumba tofauti.

Halafu fanya kazi hiyo ukiwa na mtu mzima mmoja anayejua historia, si umati. Nasema hivi kwa sababu maombi ya bibi yana siri za watu. Utakuta aliyekuwa mlevi, ndoa iliyokaribia kuvunjika, mtoto ambaye baba yake hatajwi. Bibi alimwambia Mungu, hakuliambia kanisa. Hayo yasiende kwenye wasifu, wala kwenye grupu. Kama mnaona hamuwezi kuyatunza, mpeni yule mtu mzima mmoja ayatunze.

Ndugu zako watakwambia unamnyang'anya marehemu kitu chake. Wajibu kwa Maandiko, ndiyo lugha inayofanya kazi kwenye vikao hivi. Waraka wa pili kwa Timotheo ndio wenye jina la Loisi, bibi yake Timotheo, sura ya kwanza mstari wa tano. Paulo anamkumbusha kijana kwamba imani aliyo nayo ilikaa kwanza kwa bibi yake. Loisi ametajwa hapo tu, Biblia nzima. Sasa nenda sura ya nne ya waraka huohuo, mstari wa 13. Paulo anajua mwisho wake umefika, amesema hivyo mistari michache nyuma, na bado anamwagiza Timotheo akija amletee vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtu anakaribia kufa na anataka vitabu viletwe, si vizikwe! Mstari huu ningeujua siku ile, yule binamu ya baba angekaa chini. Wakisisitiza sana, nunueni Biblia mpya iwekwe humo. Marehemu hataisoma hiyo wala ile, yuko na mwenyewe aliyeiandika.

Haya, ule mfano uliopakua. Na mimi nilipakua. Sijui ni nani huyu anayeandika mifano ya wasifu mtandaoni, lakini nadhani ni mtu mmoja na amezika bibi mmoja tu duniani, wengine wote tunamkopi. "Marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu na mwenye kujitoa katika kazi ya Mungu." Nikajaza majina, nikapesti, nikachapa. Nilipofika kwenye "mcheshi" kanisani, safu nzima ya wajukuu ikapasuka kicheko. Bibi yangu! Mcheshi! Mama aliyeweza kukunyamazisha akiwa amekupa mgongo! Alicheka mara mbili kwa mwaka na mara zote mbili tulizijadili kwa kirefu. Baba mdogo aliniuliza baadaye, "Yule uliyekuwa unamsoma ni nani?" Nilimkasirikia, lakini swali lilikuwa halali.

Ajabu ni kwamba alikuwa na sifa zake za kutosha, wala sikuhitaji kumkodishia za mtu mwingine. Hakuzima taa kabla kila aliyekuwa nje hajarudi. Aliwapatanisha baba na baba mdogo waliokuwa hawasemeshani kwa kuwaita siku moja, saa moja, bila kumwambia yeyote kwamba mwingine anakuja, akafunga mlango, akakaa mlangoni na Biblia mapajani mpaka wakasemeshana. Saa tatu. Hakusema neno. Hilo ndilo lingesomwa! Nalijua tangu nina miaka 14, na mbele ya kanisa nikasoma "mpenda watu".

Angalia Luka anavyofanya na nabii Ana, sura ya pili, mstari wa 36 hadi 38. Mistari mitatu tu na umeshamjua: baba yake ni nani, kabila gani, miaka 7 aliyokaa na mumewe, miaka 84, hekaluni usiku na mchana, kufunga na kuomba. Au Dorkasi katika Matendo 9. Petro alipofika, wajane hawakumwambia marehemu alikuwa mwema na mpenda watu; walisimama wanalia wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Walionyesha. Hata yule mke mwema wa Mithali 31 ambaye kila mtu atakushauri umweke, ile mistari 22 karibu yote ni vitendo: anaamka kungali usiku, anaangalia shamba, analinunua, anamkunjulia maskini mkono wake. Hakuna mahali ameitwa mcheshi.

Kwa hiyo waite aliokuwa akiomba nao. Nina maana wale wazee wenzake wa kikundi cha maombi, sio watoto wake. Watoto wanajua mama, wale wanajua mtu. Usiwaulize "Bibi alikuwaje", watakupa ule mfano wa mtandaoni kwa mdomo. Waulize "mlikuwa mnaombea nini mwaka huu?" na "mara ya mwisho mlikosana kwa ajili ya nini?" Mimi nilienda nimeshachelewa, miezi mitatu baada ya maziko, na mama mmoja aliyekuwa rafiki yake tangu ujana akaniambia Bibi alikuwa anawagawa wajukuu kwa siku za juma, kila siku na watu wake. Nikamuuliza mimi nilikuwa siku gani. Akafikiri, akacheka, akasema, "Wewe ulikuwa kila siku, mwanangu. Wewe ulimpa kazi."

Sijaamua kama ule ni wosia au ni matusi. Nimeutunza.

Maswali yako yaliyobaki, harakaharaka maana nimeshaandika gazeti. Urefu: usome kwa sauti nyumbani, na saa mkononi, ukipita dakika saba punguza, na cha kupunguza kianzie kwenye vyeo vya kamati alizowahi kuwamo. Nani asome: mtu ambaye akilia anaweza kuendelea, hilo tu. Asiyelia kabisa naye simwamini sana. Hesabu ya watoto ihakikishwe na mtu mzima kuliko wote mnayeweza kumpata, muulize waziwazi kama kuna waliofariki wachanga, na wote watajwe. Na kama kuna mtoto wa kulea ambaye ndugu wamezoea kumruka, mjue sasa kabla hajakaa ibadani akisikiliza jina lake likirukwa.

La picha ya mbele ya kijitabu nimelisahau ulivyouliza, na kurudi juu kusoma sirudi, macho yameshachoka. Wekeni ile anayofanana naye.

Na pole. Nilitakiwa kuanza na hilo, samahani, nilipandwa na jazba. Pole sana kwa Bibi.

Umeandika kwamba ibada ni kesho kutwa asubuhi. Hujasema Biblia iko kwa nani. Kama haipo mikononi mwako sasa hivi, acha kunijibu hapa, mpigie aliye nayo, na kama ina zipu mwambie asiifunge.